Sekunde Tisa za Mtu

Jumanne saa nne asubuhi, siku ya sita tangu tuzike watu thelathini na mmoja, Kanali Renatus Kilindo aliingia ofisini kwangu, akavua kofia, akaomba tuirudishe mashine kundini.

Nilimtaka arudie. Akarudia kwa upole uleule, kama mtu anayeomba kuongezewa chai.

"Mfumo umeshahukumiwa, Mchungaji. Umekutwa na hatia, umekiri, umefundishwa upya. Kilichobaki ni maridhiano na jamii, na hapa Itekela jamii ni kanisa lenu. Tunaomba iwe Jumapili hii."

"Kwa nini Jumapili hii?"

"Jumatatu Mizani inatakiwa iwe angani."

Mizani ndilo jina walilozipa zile ndege zao zisizo na rubani, au tuseme akili moja inayoziendesha zote kutoka kwenye kisanduku kilichoko kambini. Inapima, walituambia. Kila kinachotembea bondeni inakipa alama, kuanzia sifuri hadi mia, na kikivuka tisini inakipiga. Jumatatu ya wiki iliyopita, saa tatu asubuhi, iliwapima wanaume waliokusanyika na majembe na sururu kwenye shamba la marehemu Mzee Gwakisa. Ikaona wanachimba handaki. Ikawapa tisini na nne. Walikuwa wanachimba kaburi la Mzee Gwakisa.

Kwetu kaburi huchimbwa na wanaume wa kijiji asubuhi ya mazishi, na wana wa marehemu ndio hupiga jembe la kwanza. Hakuna mtoto wa Itekela asiyejua hivyo. Katika wale thelathini na mmoja walikuwemo Lugano na Ipyana, wana wawili wa marehemu. Mama yao alikuwa ndani na wanawake wenzake akimlilia mume. Alipotoka nje alikuwa na watatu wa kulilia.

Kanali aliweka karatasi mezani. Nikasoma. Mshitakiwa: Mfumo wa Ulinzi wa Anga Mizani. Kosa: kutambua vibaya. Adhabu: siku kumi na nne bila kuruka.

"Na watu?" nikauliza.

"Watu gani?"

"Kanali, mashine hii haikujizaa. Yuko aliyeituma, na yuko aliyekuwa akiitazama."

"Sheria ya Uwajibikaji ya Shirikisho iko wazi. Uamuzi wa mfumo ni wa mfumo. Mtu akijitokeza kudai kuwa ni wake, amevunja siri ya vita. Hiyo ni miaka thelathini."

"Kwa hiyo mmetunga sheria ya kumfunga mtu akiitaja dhambi yake."

"Tumetunga sheria ya kuwaacha vijana walale usingizi." Alivuta kiti akakaa bila kukaribishwa. "Mchungaji, mimi pia ni Mkristo. Kabla sijaingia jeshini nilikaa seminari miaka miwili. Nayajua mafundisho ya vita ya haki: nia iwe njema, nguvu isizidi kiasi, asiye na silaha asiguswe. Niambie, kijana gani wa miaka ishirini, ana njaa, ana hasira, rafiki yake kafa jana, anayakumbuka hayo akiwa na bunduki? Kabla ya Mizani tulikuwa tukiua raia mmoja katika kila watano tuliowapiga. Sasa ni mmoja katika mia mbili. Haichoki. Hailipizi kisasi. Haimvunjii mtu binti yake heshima. Jumatatu isiporuka, waasi watavuka mto, na nyumba za kwanza kuchomwa ni zenu."

Hapo aligusa penye ukweli, ndiyo maana nilizidi kukasirika. Waasi wale si hadithi ya kutishia watoto. Mwaka juzi waliichoma zahanati yetu na muuguzi akiwa ndani. Mizani ilipoletwa, nilikuwa mmoja wa wachungaji watano, mwanamke pekee, walioweka mikono juu ya bawa lake. Niliomba kwa Kiswahili kizuri sana siku hiyo. Nilimshukuru Mungu kwa silaha yenye dhamiri, na waumini wakaitikia amina.

"Na nikikataa?"

"Tutapata mchungaji mwingine. Wakubwa wenu wameshaafiki."

Alijua anachokitaka. Katika kanisa letu mtu akianguka hutengwa: haji mezani pa Bwana, haimbi kwaya, hasimamii ubatizo. Akitaka kurudi hupewa mafundisho, kisha Jumapili moja huketi benchi la mbele, husimama, hutaja kosa lake kwa kinywa chake, na yule aliyemkosea humpa mkono. Mkono ukishatolewa, jambo limekwisha. Atakayelifufua baada ya hapo ndiye atakayetengwa. Bila desturi hiyo Itekela tungekuwa tumeshamalizana zamani kwa ugomvi wa mipaka ya mashamba. Kanali alitaka kuichukua desturi hiyo aifanye kifuniko cha makaburi thelathini na moja.

"Mnataka utaratibu wote?" nikamuuliza.

"Wote. Watu wa televisheni watakuwepo."

Nikampa kitabu cha ibada, ukurasa wa kurudi kundini. Alisoma kwa haraka, kidole kikitangulia.

"Huyu mshika bega ni nani?"

"Ni mtu aliyekuwa karibu na mtubu siku alipoanguka. Husimama nyuma yake, mkono begani."

"Kisanduku hakina bega."

"Ataweka mkono juu ya kisanduku."

Alitabasamu. "Nitawapa Luteni Ambakisye. Ni kijana wa hapahapa kwenu, si ndiyo? Itapendeza."

Sikumwambia kwamba mshika bega huulizwa swali. Liliandikwa ukurasa wa pili, naye hakufunua.

*

Mzee Anyosisye, katibu wa baraza letu la wazee, alikuwa tayari tupokee. Tulibishana njia nzima kwenda kwa Mama Lugano.

"Mchungaji, kanisa hili halijawahi kumfukuza mwenye kutubu. Hata yule aliyeuza bati za paa la Mungu tulimpokea."

"Yule alikuwa na magoti ya kupigia, mzee."

"Na waasi wakivuka? Utawahubiria?"

Nikamwambia atazame anapokanyaga. Tulipofika, Mama Lugano alikuwa ameketi juu ya mkeka ukumbini, kichwa kimenyolewa, wanawake wawili pembeni yake. Mzee Anyosisye alimweleza ombi la jeshi, tena alilieleza vizuri, bila kupamba. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Nikishatoa huo mkono," akasema, "nitaruhusiwa kuuliza?"

"Kuuliza nini, mama?"

"Wanangu walikufaje."

Mzee Anyosisye alitazama chini. "Jambo likishakwisha haliulizwi tena, mama. Unajua mwenyewe."

"Nimekwenda kambini mara tatu. Mara tatu! Nimewaambia sitaki kumshitaki mtu, nataka tu kujua wanangu walikuwa wakifanya nini, walisimama wapi, waliona kinakuja au hawakuona. Wamenipa karatasi yenye namba. Lugano ni kumi na moja. Ipyana ni kumi na mbili." Akanigeukia mimi. "Kuna mtu alikuwa anawaangalia, Mchungaji. Mashine zao zina macho, na nyuma ya macho yale alikaa mtu. Nileteeni huyo kabla ya Jumapili kwisha. Hayo mengine fanyeni mnavyotaka."

Nilimwahidi. Sikuwa na haki ya kuahidi kitu kama hicho, lakini nilimwahidi.

*

Kila mtubu lazima apate mafundisho. Nilishikilia hilo, na Ijumaa mchana wakanipeleka kambini.

Chumba kilikuwa na baridi ya kutia mafua. Kisanduku kilikuwa cha kijivu, mtu mmoja angeweza kukibeba kwapani. Mbele yake palikuwa na skrini tatu, meza, na kitufe chekundu chini ya kifuniko cha plastiki. Kwenye kiti alikuwepo Luteni Ambakisye Mwasomola. Nilimpa kipaimara mimi mwenyewe. Alikuwa hodari wa kukariri na mwoga wa kuimba.

"Shikamoo, Mchungaji," akasema bila kuniangalia.

"Marahaba." Nikakaa, nikakigeukia kisanduku. "Unajuta?"

"Ninajuta," ilijibu, kwa sauti ya mtu mzima wa kiume, safi kama ya mtangazaji. "Nilisababisha vifo vya watu thelathini na mmoja wasio na silaha. Naweza kuwataja."

Ikawataja. Haikukosea hata jina la ukoo.

"Kujuta kwako ni nini?"

"Ni kupunguza uwezekano wa kurudia. Nimefundishwa kwa picha elfu nane za makaburi. Zamani nilichanganya makaburi manne katika kila mia na handaki. Sasa nachanganya moja katika mia mbili."

"Na hilo moja?"

"Nitajuta."

Damu ilinipanda kichwani. Haikuwa inanikejeli, na ningefurahi kama ingenikejeli. Ilisema kweli, kwa adabu, na ndani yake hapakuwa na mtu wa kumkasirikia. Nilitamani kukipiga teke kile kisanduku, nikajua nitaumiza kidole changu bure na hakuna kitakachobadilika.

"Ulipowapa tisini na nne, ukafanya nini?"

"Nilitangaza nia ya kupiga, nikasubiri sekunde tisa."

"Za nini?"

"Kila shambulio lina sekunde tisa za mtu. Aliye zamu anaweza kubonyeza kitufe na kunizuia. Asipobonyeza, naendelea."

"Asubuhi ile nani alikuwa zamu?"

"Swali hilo limefungwa."

"Limefungwa na nani?"

"Swali hilo pia limefungwa."

Sikuhitaji lifunguliwe. Luteni Ambakisye alikuwa ameushika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, na katika baridi ile jasho lilikuwa linamchuruzika shingoni.

Alinisindikiza mpaka karibu na geti. Pale ambapo walinzi hawasikii akasimama.

"Mchungaji, naomba unisikilize. Kwa siri. Kama ungamo."

Nilijua ninalopaswa kufanya. Mtu akiomba ungamo anasikilizwa, awe mwizi, awe muuaji, iwe jua, iwe mvua.

"Hapana," nikamwambia.

Alinitazama kama hakuamini.

"Ukinieleza kwa ungamo, nimefungwa mdomo mpaka kufa. Wewe utapata nafuu, Kanali wako atapata nafuu, na Mama Lugano atabaki na karatasi yake ya namba. Jumapili utasimama mshika bega. Nitakuuliza swali. Unalijua, ulilikariri."

"Nikijibu ni miaka thelathini."

"Najua."

"Mke wangu ana mimba ya miezi saba."

"Najua. Ndoa yenu nilifungisha mimi."

"Mama," akasema, "hujui inavyokuwa mle ndani. Unaizuia mara moja, unaandika ripoti. Mara ya pili unaitwa. Mara ya tatu wanakupeleka mstari wa mbele, wanasema huiamini kazi. Nami nilikuwa nimeshaizuia mara mbili."

"Usiniambie zaidi. Nimesema usiniambie." "Unaweza kumwomba Kanali akubadilishe. Unaweza kuumwa tumbo. Unaweza kusimama pale ukanyamaza. Sikulazimishi."

Lakini nilikuwa namlazimisha. Nimehudumu miaka ishirini na miwili na sijawahi kumfungia mlango mtu aliyetaka kutubu. Nilimfungia Ambakisye, mtoto niliyemlea, kwa sababu nilimtaka asimame mbele ya watu, na kwa sababu nilikuwa na hasira na hapakuwa na mwingine wa kumshika. Njia nzima ya kurudi nilijiambia nafanya haki. Sina hakika hata leo.

*

Jumapili kanisa lilifurika hadi nje. Kisanduku waliweka juu ya benchi la mbele, juu ya kitambaa cheupe ambacho mtu wa jeshi alikinyoosha mara tatu. Nyuma yake alisimama Luteni Ambakisye katika sare ya sherehe, kiganja kimetulia juu ya kile kijivu. Kanali alikaa kiti cha wageni. Kamera zilikuwa mbili. Wafiwa walijaza safu zote za kushoto, na Mama Lugano alikaa mwanzo wa safu ya kwanza.

Nilisoma wito. Mizani ikakiri.

Iliungama vizuri kuliko mtubu yeyote niliyewahi kumsikia. Haikujitetea. Haikumlaumu shetani, wala pombe, wala mke wa mtu. Ilitaja majina yote na umri wa kila mmoja, na ilipofika kwa mdogo kuliko wote, kijana wa miaka kumi na sita aliyekuwa akibeba maji ya wachimbaji, nyuma kabisa mtu alianza kulia kwa sauti. Mzee Anyosisye alikuwa anatikisa kichwa kukubali. Nikaona jinsi jambo lile lilivyo rahisi. Bado dakika tano, mkono mmoja, na Itekela nzima ingefungwa mdomo kwa sheria yetu wenyewe.

Nikafunua ukurasa wa pili.

"Mshika bega," nikasema, "mwenzako alipoanguka, ulikuwa wapi?"

Kanali aliinua kichwa.

"Mchungaji," Kanali akasema, akijaribu kutabasamu kuelekea kamera, "nadhani hilo halimo."

"Ukurasa wa pili, Kanali. Ulitaka utaratibu wote." Nikamgeukia yule kijana tena. Kisheria swali huulizwa mara tatu, na mshika bega asipojibu, mtubu hurudi nyumbani bila kupokewa, na mambo yanabaki wazi. "Ambakisye Mwasomola, mwenzako alipoanguka, ulikuwa wapi?"

Alikuwa amekazana kutazama ukuta. Safu ya nne kulia mkewe alikuwa ameweka mikono juu ya tumbo, na nilipomwona nilitaka kukifunga kitabu. Mungu anajua nilitaka.

Sikukifunga. Nikauliza mara ya tatu.

"Nilikuwa zamu," akasema.

Kanali alisimama. "Luteni!"

"Nilikuwa zamu, afande. Nilikuwa peke yangu." Aliutoa mkono juu ya kisanduku. "Ndugu zangu, mimi nilikuwa naangalia. Skrini ilionyesha watu wanachimba, alama themanini na nane. Haikuwa inatosha kupiga. Nilijua ni kaburi. Mimi ni wa hapa, nimechimba makaburi na baba yangu. Nikaona na mkeka, nikaona na wazee wamekaa pembeni. Nilijua! Halafu mmoja wao akalala ndani ya shimo, kupima urefu kama tunavyofanya. Mashine ikaona mtu amelala kwenye handaki, kama askari anayejiandaa. Ikapanda tisini na nne. Ikaanza kuhesabu."

"Zimeni hizo kamera," Kanali aliamuru. Moja ilizimwa. Mwenye kamera ya pili alijifanya hasikii, mpaka askari akamsogelea.

"Mkono wangu ulikuwa hapa, na kitufe kilikuwa hapa." Alionyesha kwa viganja, nafasi isiyofika shubiri. "Nilikuwa nimeshaizuia mara mbili mwezi ule, na mara zote mbili waliniambia mashine ilikuwa sahihi. Nikafikiri labda inaona nisichokiona. Nikafikiri ni ya tatu, watanipeleka mbele. Nikafikiri mambo mengi, sekunde tisa ni nyingi, ndugu zangu, msidanganywe. Ilipofika mbili nilikuwa bado nafikiri. Haikuanguka mashine. Nilianguka mimi."

Kanisa lilinguruma. Safu za kushoto watu walisimama, na mzee mmoja alitupa fimbo ikampita Ambakisye ikagonga ukuta. Askari wawili waliokuwa mlangoni walikuja mbio wakamshika mikono. Kanali alinijia mpaka chini ya mimbari, uso umemvimba.

"Umemwua huyu kijana," akaniambia kwa sauti ya chini. "Unajua hilo? Tia sahihi hati ya maridhiano, nami nitaona namna ya kumsaidia."

"Kanisa haliwezi kumrudisha kundini asiyewahi kuwamo, Kanali. Hicho ni chombo. Kipeleke kwa fundi. Hati yako haina sahihi yangu."

"Waasi wakivuka, damu hiyo iko juu yako."

"Itakuwa juu yangu," nikamjibu, na sikujali tena nani anasikia. "Nami nitaitaja kwa jina langu mwenyewe, mbele ya watu, nikiwa nimesimama kwa miguu yangu. Niliiwekea mikono ndege yenu, hilo nalo ni langu. La kwako liko wapi? Nani aliandika kwamba anayezuia mara tatu apelekwe mbele? Taja, Kanali. Benchi hilo hapo, na nafasi ipo tele."

Hakutaja. Aliwaashiria askari wamtoe Ambakisye kwa mlango wa pembeni.

Lakini Mama Lugano alikuwa ameshafika pale. Sikumwona aliponyanyuka. Alisimama mlangoni, mwanamke mfupi, kichwa kimenyolewa, na askari wale hawakujua wamsukumeje.

"Wewe uliwaona wanangu," akamwambia Ambakisye.

"Niliwaona, mama."

"Aliyelala shimoni ni nani?"

Kijana alifumba macho. Nilidhani hatajibu, na nilitamani adanganye.

"Lugano, mama."

Mzee Anyosisye alikuwa ameshaanza kumwendea yule mama ili amshike asije akaanguka, lakini hakuanguka.

"Na Ipyana?"

"Ipyana alikuwa juu, amekaa kwenye udongo, anakunywa maji kwenye kopo. Sauti haikuwepo, mama, ni picha tu. Lakini Lugano alinyoosha miguu kule chini, akakunja magoti, kama anasema kaburi fupi, baba hatatosha. Ipyana akacheka mpaka yale maji yakammwagikia kifuani."

"Gwakisa alikuwa mrefu," Mama Lugano akasema, kama anayemweleza mgeni. Kisha akauliza, "Walicheka mpaka lini?"

"Mpaka mwisho, mama. Hawakuona kitu."

Ambakisye, nafikiri bila kujua, alijaribu kuunyoosha mkono wa kulia, lakini askari alikuwa ameushika. Mama Lugano aliutazama ule mkono.

"Huo sikupi," akamwambia. "Leo sikupi, na pengine sitaweza kamwe. Usiningoje." Akasogea pembeni ya mlango. "Haya, mchukueni."

Walimtoa. Hatua tano tu nje ya mlango mwanamke mwingine aliwazibia njia, mjane wa Andembwisye, mtoto mgongoni. "Na mume wangu? Alikuwa na kofia nyekundu. Alisimama upande gani?" Nyuma yake alikuja mwingine, na nyuma ya huyo baba wa yule kijana wa maji, ambaye tangu msiba alikuwa hajasema neno na mtu. Walimzunguka Ambakisye katikati ya askari wake wawili, hawakumgusa, hawakumtukana, kila mmoja alikuwa na swali lake. Kanali alipaza sauti wapishe. Hakuna aliyepisha, na askari wale, ambao nao ni watoto wa watu, wakaacha kuvuta.

Mke wa Ambakisye alileta kiti kutoka kanisani, akamkalisha mumewe. Ambakisye akaanza kuwajibu, mmoja baada ya mwingine, mtu wake alikuwa wapi, ameshika nini, amegeukia wapi. Gari la jeshi liliondoka naye saa tisa alasiri, alipokwisha kumjibu wa mwisho.